Marejeo ni ngamani: kutafuta panapovuja katika makala ya Wikipedia

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Waliotunga methali hii hawakuijua intaneti, ila mhariri wa Wikipedia ya Kiswahili akiisikia lazima acheke, maana "marejeo" ndilo neno tunaloliandika chini ya kila makala, na huko chini ndiko maji yanakoingilia. Fundi wa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi, akiletewa jahazi linalovuja hapaki rangi ubavuni. Hushuka ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, akakomba maji, akapapasa mbao moja moja mpaka akute palipotoka kalafati, ile pamba ya kuzibia mianya. Sisi makala ikifutwa nusu, au ikabandikwa lile tangazo kwamba haina vyanzo vya kutosha, hukimbilia kupamba maneno. Maneno kwa kawaida hayana kosa.

Haya nimeyaandika kwa ajili ya vijana wanaokaa nami barazani hapa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, baada ya isha, kila mmoja na simu yake na bando lake la kubahatisha, tukihariri makala za Amu (ndiyo Lamu), Pate, Siyu na Malindi. Nimeyapanga kwa dalili kwa sababu ndivyo yanavyonijia. Hakuna anayekuja kusema ana tatizo la uthibitisho. Huja na simu mkononi: "Ami, hii imekuwaje tena?"

Kanuni, kwa asiyezijua, zasemeka kwa pumzi moja. Jambo lolote linaloweza kubishiwa liwe na chanzo kilichochapishwa. Chanzo hicho kiwe kimepita mbele ya macho ya mtu mwingine zaidi ya mwandishi kabla hakijatoka, awe mhariri wa gazeti, mchapishaji wa kitabu au jopo la jarida la chuo. Na anayeandika makala asiingize utafiti wake mwenyewe.

Rejo lipo, lakini mtu ameandika kwamba halithibitishi

Hii ndiyo dalili ninayoiona kuliko zote, na ndiyo inayowaudhi watu zaidi, kwa sababu mwandishi anajua aliweka rejo. Mfano wa nyumbani: "Lamu ni mji wa kwanza kabisa wa Waswahili," kisha tanbihi inayopeleka kwenye ukurasa wa UNESCO. Ukurasa upo, unafunguka, unaitaja Lamu. Tatizo ni nini?

Ufungue uusome. UNESCO iliuingiza mji wa kale wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na inasema ni mji mkongwe na uliohifadhika vizuri kuliko yote ya Waswahili katika Afrika Mashariki, huku ukiendelea na shughuli zake za jadi. Hicho kipande cha mwisho ndicho mwandishi wetu alichokidondosha, na ndicho kilichoshika uzito. Ng'ambo tu hapo, kisiwani Pate, pana magofu ya Shanga, ambayo Mark Horton aliyachimbua miaka ya 1980 akakuta mabaki ya karne ya 8. Shanga ilihamwa karne ya 15, Amu ikabaki na watu wake. "Mkongwe miongoni mwa miji inayoishi" na "wa kwanza kabisa" ni madai mawili mbalimbali, na chanzo kimebeba moja tu.

Visababishi vya dalili hii ni vitatu hivi. Cha kwanza, mtu amesoma kichwa cha habari akaacha mwili, au aliusoma mwezi uliopita na sasa anaandika kwa kumbukumbu. Cha pili ni tafsiri: chanzo cha Kiingereza kimesema "inasemekana" au "huenda", naye amekileta kwa Kiswahili kama kitu kilichokatwa shauri. Cha tatu hakina mwenye kosa. Aliyetangulia aliandika sentensi akaiwekea tanbihi yake vizuri. Akaja mwingine akachomeka sentensi mpya katikati, baina ya ile ya kwanza na tanbihi yake. Sasa rejo limehamia kwa mgeni na mwenyeji hana kitu. Ukishuku hili, fungua historia ya ukurasa ulinganishe toleo la zamani na la sasa. Utaiona siku yenyewe ilipotokea.

Tiba: fungua chanzo, weka kidole juu ya sentensi unayoitegemea, kisha soma ya kwako. Palipo na neno kwako ambalo chini ya kidole halipo, litoe. Halafu sogeza tanbihi iwe mwisho wa sentensi yake, si mwisho wa aya. Punda mmoja hapandishi matofali ya ghorofa nzima kwa safari moja, na tanbihi moja iliyowekwa mwisho wa aya yenye sentensi saba msomaji hawezi kujua imebeba zipi. Kama chanzo ni kitabu, taja ukurasa. Kitabu cha kurasa 400 kisichotajiwa ukurasa hakina tofauti na kumwambia mgeni "nyumba iko Mkomani" ukamwacha na mizigo yake.

"Nimeweka vyanzo sita, wanasema ni kimoja"

Wanasema kweli. Nenda Malindi umuulize mtu yeyote ni nani aliyemwongoza Vasco da Gama mpaka India. Utaambiwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari wa Oman. Tovuti zimejaa jina hilo, vipeperushi vya watalii vimejaa jina hilo, vitabu vya shule pia. Kijana mmoja alikusanya viungo sita akavipanga mwisho wa sentensi moja kama mishikaki, na bado akabishiwa.

Tushuke ngamani. Merikebu za Vasco da Gama ziliwasili Malindi Aprili 1498, zikang'oa nanga tarehe 24 ya mwezi huo, zikafika Calicut tarehe 20 Mei. Shajara ya safari yenyewe inamtaja rubani aliyetolewa na mfalme wa Malindi, nao Wareno wakadhani ni Mkristo. Mwandishi wa Kireno João de Barros, aliyeandika baadaye, anasema alikuwa Mwislamu wa Gujarat na kumwita Malemo Cana. (Mtu wa pwani atalitambua mara moja hilo "Malemo": ni mualimu, cheo cha anayeshika njia chomboni. Wareno walikifanya jina.) Jina la Ibn Majid limetokana na mwanahistoria wa Makka, al-Nahrawali, aliyeandika miongo kadhaa baada ya tukio. Mfaransa Gabriel Ferrand akalitangaza katika karne ya 20, na kuanzia hapo likanakiliwa na kila mtu. Wataalamu waliochambua maandishi ya Ibn Majid mwenyewe wamelitilia shaka.

Kwa hiyo vile viungo sita vyote vinakunywa kisima kimoja. Kisababishi ni kuhesabu kurasa badala ya kuhesabu asili. Kila chanzo kiulize: wewe umelipata wapi? Kikijibu "kwa fulani", kiache, umwendee huyo fulani. Kisipojibu kitu, hicho hakikufaa toka mwanzo. Na mwishowe usifute jina la Ibn Majid, kwa sababu msomaji amelisikia na atalitafuta. Andika kwamba yapo mapokeo yanayomtaja, taja yalikoanzia, kisha useme Wareno wa wakati ule waliandika nini, kila upande na rejo lake.

Kuna aina mbaya zaidi ya ugonjwa huu, nayo ni duara. Mtu anaandika jambo Wikipedia bila chanzo. Baada ya miezi mwandishi wa gazeti mwenye haraka analichukua hilo hilo. Baada ya mwaka mhariri mwema anatafuta chanzo, analikuta gazeti, analiweka. Nyoka amemeza mkia wake, na anayesoma anaona kila kitu ni shwari. Kuligundua duara si kazi kubwa: tafuta katika historia ya ukurasa tarehe sentensi ilipoingia, linganisha na tarehe ya gazeti. Ikiwa sentensi ndiyo iliyotangulia, na maneno yanafanana mpaka koma, gazeti hilo si shahidi.

Kiungo kimekufa

Unabofya, unaambiwa ukurasa haupo. Tovuti za serikali za kaunti na za magazeti hubadilisha mitambo yao kila baada ya muda, na viungo vya zamani hufa kwa mafungu. Usifute rejo. Nakili anwani iliyokufa, nenda ukaibandike Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya nakala za kurasa za zamani, uchague nakala iliyo karibu na siku ambayo mwandishi alisema aliusoma ukurasa. Anwani ya nakala iongeze kando ya ile ya asili, usiiweke mahali pake.

Kama nakala haipo, jiulize ni nini kilichokufa. Habari ya gazeti yenye jina la mwandishi, kichwa, jina la gazeti na tarehe bado ni rejo halali hata bila kiungo, kwa sababu gazeti lilichapwa na maktaba zimeliweka. Rejo lililokuwa anwani tupu bila neno hata moja ndilo linalokufa kweli. Ndiyo maana nawasumbua vijana wajaze kigezo chote, ile fomu ya rejo, na ukurasa wa mtandaoni wauhifadhi Wayback siku ile ile wanapouweka.

Miaka inagombana

Huku kwetu dalili hii ina sura yake ya pekee, kwa sababu vyanzo vyetu vingi vya zamani vimetiwa tarehe za Hijria.

Utendi wa Mwana Kupona una tarehe ya mwaka 1275. Makala moja inasema 1858, nyingine 1859, na wahariri wawili wamefutiana mara nne. Wote wamesema sawa, na wote wamesema nusu. Mwaka 1275 ulianza Agosti 1858 ukaisha Julai 1859. Aliye na mwaka bila mwezi hawezi kujua zaidi ya hapo. Iandikwe "1275 Hijria (1858/59)", ile ya asili ibaki, wagombanao wakalale.

Kosa kubwa zaidi ni la hesabu. Watu wamezoea kwamba tofauti ya leo baina ya Hijria na Miladi ni kama miaka 579, basi wanaijumlisha kila mahali. Jumlisha 579 kwenye 1275 utapata 1854, umekosea miaka minne au mitano. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo tofauti hupungua kadiri miaka inavyokwenda, na ukirudi nyuma huongezeka. Njia ya haraka ni kuzidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha kujumlisha 622. Utendi wa Tambuka, wa 1141, utakuletea 1728 na kitu, ndio mwaka unaotajwa vitabuni. Ukitaka siku na mwezi tumia kikokotoo, na hata hicho kinaweza kupishana siku moja au mbili na mwandamo ulioonekana Amu.

Lakini tahadhari: kubadilisha tarehe kwa usahihi hakulifanyi tukio kuwa la kweli. Historia ya Pate, masimulizi ya watawala wa huko, inawaleta Wanabahani, ukoo uliotawala Pate, mwaka 600 wa Hijria, sawa na 1203/04. Hesabu ni safi. Wanahistoria wana mashaka na tarehe yenyewe, wakiiona ni ya mapema mno. Hapo maneno "kwa mujibu wa Historia ya Pate" si pambo. Bila hayo, Wikipedia inakuwa ndiyo inayosema.

Na kuna magomvi ambayo hayana hesabu ya kuyamaliza. Vita vya Shela, Waamu walipowashinda Wamazrui wa Mombasa na washirika wao wa Pate, vyanzo vingine vinavipa 1812, vingine 1813, na wapo wanaotaja miaka mingine. Usichague mwaka unaokupendeza. Andika "takriban 1812 au 1813" na kila mwaka na chanzo chake. Nilishawahi kukuta mtu amechukua miaka iliyotofautiana akatafuta wastani. Sikujua nicheke au nilie.

Namba mbili, makala moja

Utangulizi unasema Kaunti ya Lamu ina watu 101,539. Sanduku la upande wa kulia linasema 143,920. Hakuna aliyedanganya. Ya kwanza ni sensa ya 2009, ya pili ni ya 2019. Mtu amesasisha mahali pamoja akasahau pengine, au amebadilisha namba akaacha rejo la zamani chini yake, jambo ambalo ni baya zaidi, maana sasa tanbihi inaikana sentensi yake. Andika mwaka wa sensa ndani ya sentensi kila mara, na ukigusa namba uguse na rejo. Halafu hakikisha chanzo kinazungumzia kaunti, wala si mji wala si kisiwa. Malindi ndiyo balaa: mji na kaunti ndogo vina jina moja, na wahariri huchukua idadi ya huku wakaibandika kule.

Jamaa wa karibu wa ugonjwa huu ni habari ya mpango iliyogeuka jengo. Kulikuwa na makala iliyosema Lamu ina mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, na rejo lilikuwa la gazeti, zuri kabisa, la wakati mradi ulipokuwa ukitangazwa. Leseni ya mazingira ya mradi ule ilifutwa na mahakama maalumu ya mazingira mwezi Juni 2019. Gazeti lilisema "utajengwa", mhariri akaandika "upo". Kinyume chake nacho hutokea: makala kadhaa ziliendelea kusema bandari mpya ya Lamu "inatarajiwa" huku gati la kwanza limeanza kazi Mei 2021. Ukiona kitenzi cha wakati ujao katika chanzo, tazama tarehe yake, kisha tafuta chanzo kipya kabla hujaandika chochote.

Tovuti ya hoteli

Nitapita haraka. Hoteli inauza vitanda. Historia iliyoandikwa kwenye ukurasa wake haikuhakikiwa na mtu, na mara nyingi ndiyo inayosema Ngome ya Lamu ilijengwa na Wareno, ilhali ilianza kujengwa baada ya ushindi wa Shela ikamalizika 1821, enzi ya Waomani. Blogu za watalii ni vivyo hivyo. Chanzo cha Kiswahili, Kiarabu, Kireno, vyote vinakubalika sawasawa. Lugha haikifanyi chanzo kuwa dhaifu. Kutokuwa na mhakiki ndiko kunakokidhoofisha.

Kitabu kisichoonekana popote

Ugonjwa huu ni mpya. Rejo limekamilika: mwandishi, kichwa, mchapishaji, mwaka, ukurasa, hata ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu. Linapendeza kuliko yote. Unakitafuta kitabu WorldCat, orodha ya pamoja ya maktaba za dunia, hakipo. Google, hakipo. Aliyeandika ameiomba programu ya akili unde imtafutie vyanzo, nayo ikamtungia. Hivi sisi tunaviita vitabu vya majini.

Kipimo cha dakika moja ni ISBN yenyewe. Kwa ile ya tarakimu 13, zidisha tarakimu ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ukiendelea hivyo mpaka mwisho, kisha jumlisha zote. Jumla isipogawanyika kwa 10, namba hiyo si ISBN. Ikigawanyika, bado itafute, kwa sababu inaweza kuwa ya kitabu kingine cha upishi. Makala za majarida zina namba yao ya utambulisho, DOI, inayoanza na 10 na nukta. Ibandike baada ya doi.org/ uone inakupeleka wapi. Isipokupeleka popote, au ikikupeleka kwenye utafiti wa mbolea, ondoa rejo pamoja na sentensi yake, na zikague sentensi nyingine zote za mhariri huyo siku hiyo. Mtu haleti jini mmoja.

Maandishi mekundu chini ya ukurasa

Hili ni la ufundi tu na halina aibu. Aghalabu tagi ya ref, ile alama inayoshika rejo, imefunguliwa haikufungwa, au umesahau mkwaju (/). Kama nusu ya makala imetoweka, tafuta tagi iliyobaki wazi mahali ambapo maandishi yamekatikia. Kama rejo lina jina na linalalamika kwamba halina maandishi, maana yake aya iliyokuwa na rejo kamili imefutwa yakabaki yale mafupi yaliyokuwa yakilitegemea. Lirudishe kutoka historia ya ukurasa. Na anayehariri kwa simu aangalie alama za kunukuu. Baadhi ya simu hugeuza zile zilizonyooka kuwa za kupinda, nawe utatafuta kosa mpaka alfajiri.

"Mzee kaniambia"

Hili nimeliacha nyuma kwa sababu ndilo gumu.

Kijana mmoja aliandika kuhusu kisima cha mtaa wao: nani alikichimba, kwa nadhiri gani, na kwa nini wanawake wa nyumba fulani ndio waliokuwa wakianza kuteka. Katika tanbihi aliandika jina la babu yake na neno "mahojiano". Haikumaliza siku mbili, ikafutwa. Akanijia amevimba.

"Ami, huyo aliyefuta hata Amu hajafika. Babu amekinywa kile kisima miaka themanini."

"Kweli, mwanangu. Na msomaji wa Tabora atamuuliza babu vipi?"

"Apige simu."

"Na babu akiondoka?"

Akanyamaza. Nami sikumwambia kwamba wamemwonea wala kwamba wana haki, kwa sababu nayaona yote mawili.

Sote tumekaa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tukafundishwa kwamba hadithi ya Mtume haiji peke yake, inakuja na isnadi: fulani kasikia kwa fulani, aliyesikia kwa fulani. Na si kuorodhesha majina tu. Walikuwapo wanazuoni ambao kazi yao ilikuwa kuwapima wale wapokezi, nani mkweli, nani ana hifadhi nzuri, nani hakuwahi kukutana na anayedai kumsikia. Wikipedia haina wapimaji. Wahariri wake wengi hawajulikani hata majina, wamekaa nchi mbalimbali, hawana namna ya kumjua mzee wa Langoni. Kwa hiyo wanataka kupima huko kuwe kumeshafanywa na mtu mwingine mahali pengine kabla jambo halijafika kwao. Anayefutiwa asidhani babu yake ameitwa mwongo. Wamesema tu kwamba wao si watu wa kumpima.

Kinachoniuma ni hiki. Mwaka 1913 afisa wa Kiingereza, Stigand, alichapisha London kitabu chenye historia ya Pate aliyopewa na Bwana Kitini, mtu wa ukoo wa Wanabahani. Leo hicho ni chanzo, kinatajwa kila mahali. Bwana Kitini alikuwa mzee aliyesimulia aliyoyapokea kwa wazee wake, kama babu wa kijana wetu. Tofauti ni kwamba mbele yake alikaa mtu mwenye kalamu na mchapishaji. Mwaka 2011 kulifanyika mradi India na Afrika Kusini wa kurekodi wajuzi na kuzitumia rekodi hizo kama marejeo ya Wikipedia. Ulileta mjadala mkubwa, ila kanuni zilibaki zilivyokuwa. Nami naona mjadala ule haujaisha.

Kwa sasa, haya ndiyo ninayomwambia mtu afanye.

Aanze kwa kutafuta kama jambo limeshaandikwa, kwa sababu yaliyoandikwa ni mengi kuliko tudhanivyo. Habari za Lamu, tarehe (yaani historia ya mji) iliyoandikwa na Shaibu Faraji al-Bakariy, ilichapishwa na William Hichens katika jarida la Bantu Studies mwaka 1938. Historia ya Pate iko kwa Stigand, iko kwa Alice Werner aliyeichapisha miaka ya 1914 na 1915, na Marina Tolmacheva alizikusanya na kuzilinganisha nakala zake katika kitabu cha 1993. Kuna tasnifu za vyuo, kuna ripoti za Makumbusho ya Taifa, kuna magazeti ya zamani. Akilikuta humo alitumie, ila kwa adabu ya chanzo cha karibu: Habari za Lamu imeandikwa na Mwamu, na anayetarajia humo Wamvita, watu wa Mombasa walioshindwa Shela, wasifiwe atangoja sana. "Tarehe ya Lamu inasema" ndiyo namna ya kuanza sentensi kama hiyo.

Asipolikuta, basi kazi iliyobaki si ya Wikipedia. Amrekodi mzee kwa idhini yake, aandike siku, mahali na aliyehoji, amuulize na yeye kwa nani alilisikia, kisha akamuulize mzee wa pili asiye wa nyumba ile. Anakili maneno yote bila kuyasafisha. Kisha apeleke mahali penye mhariri: gazeti, jarida, makumbusho, kitabu cha historia ya mtaa kitakachopitiwa na mwanahistoria. Ikitoka, si yeye wa kuiweka kwenye makala. Aitaje ukurasa wa majadiliano, aseme wazi kwamba ni kazi yake, amwachie mwingine aamue.

Kijana alifanya nusu ya hayo. Kumrekodi babu kulichukua jioni tatu, kwa kuwa kila alipofika kwenye nadhiri ya kisima aliingia habari za Maulidi ya utoto wake, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkatiza. Mzee wa pili alikubaliana naye kuhusu mchimbaji, akambishia kuhusu nyumba iliyokuwa ikianza kuteka. Hilo nalo liliandikwa. Katika makala sasa imebaki sentensi moja inayotaja kisima na mahali kilipo, kwa rejo la uchunguzi wa majengo ya mji. Mengine yako ukurasa wa majadiliano yakingoja kuchapishwa kwingine, bila jina la babu. Aliposomewa alisema hataki kutajwa mpaka yule mzee mwenzake arudi kwenye ukweli.